Mashine ya Kumwona Hafsa

Quiterajo, 12 Februari 2025

Mdogo wangu Chamsudine,

Salamu za hapa ni nyingi, na zote ni za watu wazima wanaolalamikia magoti, kwa hiyo zipokee kwa jumla. Mimi mzima, Abudo mzima. Saquina mzima, na kwa urefu ameshanipita. Harusi yake tumeipanga mwezi wa nane, baada ya mavuno. Wewe ndiye mjomba wake, usije ukaniambia duka halikukupa ruhusa.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu hapa inashika mtandao siku inayotaka yenyewe, na maneno yangu ni marefu. Kaseti ya harusi ya dada yako Hafsa imepatikana! Nilijua iliungua pamoja na picha zote, mwaka ule tuliokimbia vita. Kumbe shangazi aliiazima, akaenda nayo Pemba yetu ya huku Msumbiji, akaisahau chini ya sanduku la vyombo. Nilipoishika nililia mpaka Abudo akadhani kuna msiba.

Unajua Saquina alikuwa na miaka miwili mama yake alipofariki. Hana hata picha ndogo ya kitambulisho. Watu wanamwambia amefanana na Hafsa, basi anakwenda kujitazama kwenye kioo, na mimi namwona anavyojitazama. Nikamwahidi: kabla hujaolewa utamwona mama yako.

Deki tuliazima, tukaiunganisha na televisheni kubwa aliyonunua Abudo. Aibu tupu! Picha imevutwa kwa ubavu, wanawake tumekuwa wanene kama magunia. Na ile ni siku ya ndani, kabla bibi harusi hajavishwa, wote tumepaka usoni msiro wetu mweupe wa urembo na tumejifunga vitambaa vya kapulana vya sare. Kwa hiyo kwenye televisheni ile unaona vibandiko vyeupe saba vinaruka, hujui nani ni nani. Saquina akaniuliza, "Mama Mkubwa, yupi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Huyo angeweza kuwa mtu yeyote." Akatoka nje, hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Abudo anasema kuna mashine, risiva, inayokaa kati ya deki na televisheni na kusafisha picha. Wewe ndiye fundi wetu, nichagulie iliyo nzuri. Nzuri kwa picha, umesikia? Nakujua wewe na spika zako. Usiniletee mtambo wa kutikisa mabati.

Dada yako,
Zubeida

*

Mtwara, 27 Februari 2025

Dada Zubeida,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimefunga mlango wa stoo ili Carimo mwenye duka asinione macho.

Kwanza nimtoe shemeji Abudo kwenye ndoto. Risiva haisafishi picha. Kazi yake ni kupokea kila kitu, deki, dishi, simu, halafu sauti inaipeleka kwenye spika na picha kwenye televisheni. Risiva nzuri ni ile inayoipitisha picha bila kuijeruhi. Mbaya inaichana njiani, na ukiweka mkanda wa zamani ndiyo majeraha yanaonekana.

Hapa dukani nina mbili. Ya kwanza mpya, nyeusi, nzito, ina nguvu ya kuamsha mtaa. Wateja wote wanaishika hiyo. Lakini tundu lake la waya wa njano, ule wa deki, haligeuzi picha kwenda kwenye televisheni za siku hizi. Linaimeza tu. Ya pili imetumika, ina mikwaruzo, sauti yake ya kawaida. Hiyo inapokea waya wa njano, inaunganisha mistari ya picha, na inaitoa kwa waya mmoja mwembamba. Uso unabaki na umbo lake, hautanuki kwa ubavu.

Kwa akili naipenda ya pili. Ila mikanda haifanani, mmoja umekula unyevu, mwingine umelegea. Siwezi kukuchagulia kwa kukisia, si kwa jambo hili. Nitumie kaseti yenyewe niijaribu, na mashine nitakayoipeleka iwe imeshafanya kazi hiyo hiyo.

Dada, Hafsa alipofariki nilikuwa hapa, nina miezi minne kwenye ufundi. Niliogopa kuomba ruhusa. Nikasema nitakuja kwenye arobaini. Sikuja. Hujawahi kunisuta, na heri ungenisuta. Niache nilifanye hili moja vizuri.

Mdogo wako,
Chamsudine

*

Quiterajo, 8 Aprili 2025

Chamsu,

Idi imepita salama. Mussagy anayeleta biashara huko ndiye aliyebeba furushi hili, nimelishona kwa mkono. Ukikuta uzi umekatika, jua limefunguliwa njiani.

Sasa nisikilize kama mkubwa wako. Kaseti hii mimi ni mtunzaji tu, wenyewe ni wanawake saba. Ndiyo maana marehemu baba alimtoa Dona Celeste kule Mueda kuja kupiga video, Mmakonde na Mkristo, na watu wakauliza kwani Pemba hakuna wapiga picha. Wapo, lakini wote wanaume. Tulicheza vichwa wazi kwa sababu nyuma ya kamera alikuwa mwanamke.

Wawili wametangulia, Hafsa na mwenzake. Tumebaki watano. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba. Watatu walikubali hata kabla sijakalia mkeka. Bi Muaziza alikuwa mgumu. Sasa anafundisha wanawake madrasa, na kwenye mkanda ule nywele zake zimefika kiunoni, anacheza kuliko sisi sote. Aliweka mkono juu ya kaseti, akasema: "Mwanamume asiione. Hata nduguyo. Nimekubali kwa ajili ya mtoto wa Hafsa." Nikaapa kwa Mungu mbele yake.

Kwa hiyo Atija ndiye ataiweka, Atija ndiye atatazama, na wewe utakaa upande wa pili wa pazia na kuuliza: nyuso zinaonekana? Rangi zimekaa? Mkeo ana macho na ana ulimi. Hilo linakutosha.

Zubeida

*

Mtwara, 29 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Furushi lilifika, uzi mzima. Nimeijaribu, na naandika kwa furaha. Ni ile yenye mikwaruzo! Ile nyingine ilitoa rangi ya kijani na michirizi, nikaichomoa hapo hapo. Hii, Dada, imetulia. Msiro hauwi bandiko tena. Unaona mahali ulipokauka na kupasuka karibu na mdomo, unaona na ngozi chini yake. Kapulana ni ya njano yenye maua mekundu, nami miaka yote nilidhani ilikuwa ya machungwa. Na Hafsa anavyoinua bega moja kabla ya kugeuka! Saquina hatauliza yupi.

Atija ndiye aliyenieleza yote haya, bila shaka.

Mashine na kaseti nampa Mussagy atakaporudi, anasema katikati ya Mei. Televisheni iwekeni kwenye umbo la mraba, pande zote mbili zibaki nyeusi. Abudo atasema anapunjwa ukubwa. Mwambie avumilie. Na msiiwashe kwa betri ya sola, itawaishia katikati. Washeni jenereta.

Nina raha, Dada. Sijawa na raha hivi miaka mingi.

Chamsudine

*

Quiterajo, 3 Juni 2025

Chamsudine,

Mashine imefika. Iko kwenye boksi, sijaifungua.

Video ilifika kabla yake. Yuran, dereva wa gari la abiria la Mocímboa, alikuwa nayo kwenye simu. Alitumiwa na mtu, ambaye naye alitumiwa na mtu. Aliwaonyesha wanaume kwenye banda la kahawa akicheka, hakujua wanaoitazama ni waume na kaka wa waliomo. Ni sekunde chache. Kaunta inaonekana, na spika zimepangwa ukutani. Na kuna sauti inasema, "Tazama rangi hiyo! Tazama uso huo!"

Kwa picha ile ya zamani nisingehangaika, hakuna ambaye angemtambua mtu. Kwenye hii tumetambulika wote, mmoja mmoja.

Mume wa Bi Muaziza alikuwapo kwenye banda hilo. Aliondoka bila kumaliza kahawa yake. Bi Muaziza hajaenda madrasa tangu siku hiyo. Nilikwenda kwake, binti yake akatoka mlangoni kuniambia mama amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Sitaki salamu wala shikamoo. Nijibu jambo moja tu. Sauti ile ni ya nani?

Zubeida

*

Mtwara, 15 Juni 2025

Dada,

Ni yangu.

Furushi lilipofika Atija alikuwa Lindi kwa mama yake mgonjwa. Angerudi baada ya wiki mbili. Sikuweza kungoja. Nyumbani televisheni yetu ni ya mgongo, haina tundu la waya mwembamba. Ya kufaa iko dukani. Basi Ijumaa, watu walipokwenda kuswali, nikateremsha mlango wa duka nusu. Ndiyo, swala niliiacha. Nikajiambia nitatazama mwanzo tu, ule unaoonyesha uwanja na mikeka, nipange rangi, nizime.

Halafu akatokea Hafsa. Dada, nilikuwa nimesahau anavyotembea. Nilidhani nakumbuka, kumbe nilichokuwa nakumbuka ni jina tu. Nilisimama na rimoti mkononi, sikujua watu wametoka msikitini, sikusikia mlango ukiinuliwa.

Ningeweza kuishia hapo, ukanihurumia. Lakini nimeshakudanganya mara moja. Walipoingia wateja watatu na Carimo, nilikuwa na nafasi ya kuzima, na sikuzima. Mmoja akasema, mashine kuukuu hiyo inatoa picha namna hii? Hapo nikajisikia fundi. Nikasema maneno yale uliyoyasikia. Nikawaeleza kuhusu waya na mistari, nikawaonyesha kwa kidole, na nilikuwa nawaonyesha dada yangu na wenzake. Mmoja alikuwa ameinua simu. Nilimwona. Nilidhani anapiga picha risiva.

Maneno ya Atija niliyatunga. Amerudi, amejua, anapika, ananiwekea chakula, naye anakula chake jikoni.

Nitawaandikia waume zao, nitakuja kuwapigia magoti, unipangie lolote. Na jambo la mwisho nisilifiche: nina nakala. Niliihamisha kwenye flashi siku ile ile. Hakuna anayeijua. Siitazami yote, huwa nafika pale anapogeuka na kuinua bega, nasimamisha, nabaki naye. Kilichobaki najiwekea akiba. Niachie hiyo, Dada. Sina kitu kingine chake.

Chamsudine

*

Quiterajo, 10 Julai 2025

Chamsudine,

Barua yako nimeisoma mbele yao, yote, pamoja na sehemu uliyodhani ni yangu peke yangu. Tulikaa kwangu, watano. Bi Muaziza alikuja. Amekonda.

Hawataki magoti yako, wala barua zako kwa waume zao. Mmoja amesema ukiomba radhi kwa waume utakuwa umetuzunguka tena. Video iliyoko kwenye simu za watu haikamatiki, hilo wanalijua. Wanachotaka ni kile kilichobaki mikononi mwetu. Kaseti itachomwa. Lakini mtoto ataiona kwanza, mara moja, akiwa na sisi tuliomo. Bi Muaziza mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Alisema Saquina hakumkosea mtu.

Na nakala yako uifute. Flashi nzima, na popote pengine ulipoiweka. Atija asimame hapo, kisha yeye aniandikie kwa mkono wake.

Umesema huna kitu kingine cha Hafsa. Najua. Usiku wa kuamkia kikao nililia kwa ajili hiyo hiyo, kisha nikaamka nikamwona Bi Muaziza anapita barabarani na uso ameufunika mpaka machoni, mwanamke aliyekuwa akinitania kwa sauti toka kisimani. Mimi ndiye niliyemwapia. Uliniomba nikuache ulifanye jambo moja vizuri, nami kwa mapenzi nikakuamini. Sikupaswa kuituma. Kosa hilo ni langu na sikutwishi wewe.

Zubeida

*

Mtwara, 24 Julai 2025

Dada Zubeida,

Karatasi ya Atija iko humu ndani.

Nilitaka kuitazama mara moja ya mwisho, mpaka mwisho wake. Flashi nilikuwa nimeshaichomeka kwenye kompyuta. Atija akaniuliza, "Wamekuruhusu?" Nikasema hapana. Akanyoosha mkono kuomba kipanya, akafuta yeye, nami nikatazama ukutani. Kisha flashi tukaivunja kwa nyundo ya dukani.

Sikuwahi kufika mwisho. Nilikuwa najiwekea, nikijua ipo.

Harusini nitakuja mkinitaka. Msiponitaka nitaelewa.

Chamsudine

*

Quiterajo, 9 Agosti 2025

Mjomba Chamsudine,

Shikamoo. Ni mimi Saquina. Mama Mkubwa amesema yeye hana la kuandika kwa sasa, ila hakunizuia.

Tumeitazama Jumanne. Baba Mkubwa Abudo alituwashia jenereta kisha akaondoka kabisa, akaenda shambani, akasema atarudi akiitwa. Tulifunga madirisha, tukawa sita, wao watano na mimi. Mashine ilifanya kazi. Nisiseme uongo, Mjomba, picha ilikuwa safi. Sikuuliza yupi. Nilimjua kabla hajageuka. Nina mikono yake. Nilikuwa nadhani mikono hii mirefu nimeitoa kwa baba.

Bi Muaziza alikaa karibu nami. Mwanzo alijifunika, halafu alipojiona anacheza akacheka, akalia, akasema, "Nilikuwa naweza!" Wote wakacheka. Kwa kitambo ikawa kama hakuna kilichotokea.

Mwishoni kuna sehemu ambayo hukuiona. Ngoma imekwisha, wanawake wote wamejifunika, wanakula. Dona Celeste anamsogelea mama na kamera. Mama anageukia dirisha, anasema kwa sauti: "Chamsu! Najua uko hapo nyuma ya dirisha. Umesimama tangu asubuhi kutulindia mlango, hata maji hujanywa. Njoo uchukue sahani yako, mdogo wangu, na Mungu akupe mke atakayekupikia vizuri kuliko mimi." Halafu anakukatia nyama, nono, anaifunika kwa sahani nyingine. Anasema tena, "Huyu ndiye mwanamume pekee ninayemwamini hapa." Wanawake wanampigia vigelegele. Hapo mkanda unakwisha.

Mama Mkubwa alizima televisheni, akakaa sakafuni. Ndipo akaniambia. Mwezi wa nne, alipokwenda kuwaomba ruhusa ya kuituma kaseti, aliwaomba na jambo la pili: kwamba ukija kwenye harusi yangu uonyeshwe sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu wote wamejifunika na maneno unaambiwa wewe. Walikubali. Bi Muaziza alikuwa wa kwanza kukubali. Mama Mkubwa hakukuandikia, alitaka uikute hapa.

Jumanne Bi Muaziza alisema kipande hicho kingeweza kukatwa, kikabaki. Wakatazamana. Anayejua kukata mkanda ni wewe tu, na hapakuwa na aliyetaka kukupa tena.

Tuliichoma uani. Harufu yake ilikuwa mbaya, tukaingia ndani.

Sauti yake siwezi kuiandika. Ni ya chini, na anakokota jina lako, Chaaamsu, kama anayemwita mtoto aliyesimama juani. Nimejaribu kumwigizia Mama Mkubwa, amesema sijaipata.

Harusi ni tarehe ishirini na tatu. Njoo. Utakaa nje pamoja na wanaume.

Mpwa wako,
Saquina